Kaburi Lililosubiri Matusi

Mwaka ule matusi yalipokwisha nchini, dawa ya kikohozi iliadimika madukani. Watu walikuwa wakifungua midomo kutukanana, hakitoki kitu, wakadhani ni koo. Mzee mmoja wa Makambako inasemekana alikunywa chupa nzima kwa mkupuo, akafuta ndevu, akamgeukia tena jirani yake aliyesogeza mpaka wa shamba. Akajaribu. Kimya. Jirani akamwambia kwa upole, "Pole ndugu yangu, unaumwa?" Na hilo pole lilisikika vizuri kabisa.

Haikuwa koo. Ulikuwa uyoga.

Jina lake la ofisini lilikuwa refu, na halikutumiwa na mtu ila waliolipwa kulitumia. Watu waliuita uyoga kwa sababu ulichipua nchi nzima baada ya masika moja tu, kila kijiji wake, juu ya nguzo nyembamba, wenye kofia ya kijivu. Ndani ya kofia mlikuwa na masikio na midomo. Sauti, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kutupa jiwe bwawani, ni mawimbi. Ukitupa jiwe la pili kwa hesabu nzuri, pale wimbi la kwanza lilipoinuka pakakutana na pale la pili lilipobonyea, maji hutulia kama hayakuguswa. Uyoga ulifanya hivyo hewani. Ulisikia chuki ikianza kutoka mdomoni mwa mtu, ukatupa jiwe lake, na tusi likafa kabla ya kufika sikioni. Tena haukuishia hapo. Ulimshika mtukanaji, na kila alichosema baadaye, hata akiomba maji ya kunywa, hakikusikika mpaka damu yake ipoe.

Kampuni iliyouotesha iliitwa Tulia. Makao yake makuu yalikuwa Njombe, juu kilimani, kwa kuwa mitambo hupenda baridi na Njombe baridi haiuzwi, inagawiwa bure hata kwa asiyeitaka. Wafanyakazi walivaa makoti mwaka mzima ili mitambo ikae uchi kwa raha zake.

Ghorofa ya juu kabisa palikuwa na Kitengo cha Dhamana kwa Jamii. Mkuu wake alikuwa Winfrida Mapunda, Mngoni wa kijiji cha Lihuhu, mwanamke mtulivu ambaye hata kupiga chafya aliomba radhi kwanza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kampuni haimdhuru mtu, na aliifanya kwa moyo. Ndiye aliyekataa uyoga kufungwa swichi vijijini. Aliwaambia wakubwa kikaoni, "Mkiweka swichi, mwenye ngumi ndiye atakayeishika." Wakamwelewa. Tangu siku hiyo uyoga haukuzimika ila kwa kidole gumba cha Winfrida, kwenye simu yake, na ukizimwa unazimwa kata nzima.

Ndiye pia aliyeutafutia shule. Mwanzoni kampuni iliwalipa wanafunzi wa chuo watukanane mbele ya vinasa sauti, mashine ijifunze chuki inavyolia. Ikawa hasara tupu. Matusi ya vijana yale ni machache, yanazunguka kama watu wa ngoma, na wawili wao walichumbiana kabla mkataba haujaisha. Ndipo Winfrida, wakati huo mgeni kazini, alipoinua mkono.

"Nendeni misibani. Wasikilizeni watani."

Kila mtu wa kusini alielewa. Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka mikuki ikachoka, halafu wakapatana, na waliokosa kumalizana kwa mkuki wakaendelea kwa mdomo hadi leo. Mhehe akifiwa, Mngoni huja kumharibia msiba. Mngoni akifiwa, Mhehe hushuka kaburini, hulala mle, na hutukana ukoo mzima mpaka ajibiwe na kukombolewa. Matusi ya hapo si ya dukani. Yana mizizi, yana wajukuu. Vinasa vilirudi Njombe vimejaa pomoni. Uyoga ukasoma kwa bidii, ukafaulu, ukatoka kwenda kulinda taifa.

Malalamiko hayakuchelewa kuja. Watu wa misiba waliandika kwamba watani wao wamekuwa mabubu, kwamba maziko sasa yanafanana na kikao cha bodi ya maji. Winfrida aliwajibu wote kwa sentensi aliyoitunga mwenyewe na kuipenda: *Kampuni inawapa pole, lakini chuki haina ruhusa ya msimu.*

Kisha baba yake akafa.

*

Mzee Gaudensi Mapunda wa Lihuhu alikuwa fundi wa baiskeli. Alichechemea mguu wa kushoto, alikohoa kama mlango wa ghala, na aligombana na chumvi maisha yake yote: ikiwa kidogo alilalamika, ikizidi alilalamika. Alikufa akiwa anaikaripia tairi.

Mkewe, Mama Kunegunda, tangu siku hiyo hakusema neno wala hakutia kitu mdomoni. Alikaa barazani juu ya mkeka, macho sakafuni. Hakulia. Wanawake walimletea uji, ukapoa mbele yake, ukafanya utando. Winfrida aliposhuka kwenye gari la kampuni na kumkumbatia, alihisi kama amekumbatia gunia la mahindi.

"Mwache kwanza," wanawake walimwambia. "Mtani anakuja. Mtani atamfungua."

Mtani akaja kweli, asubuhi ya maziko. Alikuwa Fidelis Mgongolwa, Mhehe wa Ifunda, mzee mfupi mwenye masikio makubwa, rafiki wa marehemu tangu wote wakiwa wafanyakazi wa reli. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo, akachukua koti la marehemu akalivaa, akachukua kofia ya marehemu akaivaa, akaanza kutembea uani akichechemea mguu wa kushoto.

Watoto waliangua kicheko. Ni Gaudensi mtupu! Mgongo uleule, mkono uleule unaotafuta spana mfukoni.

Mama Kunegunda akainua macho.

Winfrida aliona. Kila mtu aliona. Yule mama alimfuata kwa macho yule mzee anayechechemea, kutoka mlangoni mwa jiko mpaka chini ya mnazi uliokataa kuzaa, mpaka kaburini, ambalo lilichimbwa pembeni ya shamba la nyumbani, mahali ambapo mtu wa barazani hupaona. Mgongolwa akashuka kaburini. Akajilaza. Kisha akaketi, kichwa kikachomoza juu ya udongo, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Waombolezaji waliona meno. Waliona ulimi ukifanya kazi, mishipa ya shingo imevimba, mate yakiruka. Mikono ya Mgongolwa ilieleza ukubwa wa kitu fulani cha Wangoni, pengine kichwa, pengine uongo. Sauti hakuna. Juu ya nguzo, kofia ya kijivu ilikuwa imegeuka kidogo kumwelekea, kwa adabu, kama mlezi anayemziba mtoto mdomo kanisani.

Mama Kunegunda alisubiri. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayetega sikio mlangoni kwa sauti anayoijua. Alisubiri muda mrefu. Halafu macho yake yakarudi sakafuni, taratibu, na safari hii yalionekana kwenda mbali zaidi.

Katika ukimya ule akasimama Meinrad, mdogo wake marehemu, karani mstaafu mwenye tai na sauti laini kama mafuta ya kupaka.

"Ndugu waombolezaji," alisema Meinrad, "naona tuendelee tu na ratiba. Na kwa vile shemeji hali wala hasemi, tukishamzika kaka itafaa aende akakae kwa ndugu zake Mbinga. Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Mimi nitajitolea kuiangalia. Nasema kwa upendo."

Kila neno lilisikika. Mpaka nyuma jikoni lilisikika. Uyoga haukupepesa hata kidogo. Yale maneno yalikuwa na adabu, pumzi yake ilikuwa tulivu, na damu ya msemaji ilikuwa baridi kama ya samaki.

Mgongolwa aliruka wima mle kaburini. Alimnyooshea Meinrad kidole na kumwaga yote aliyokuwa nayo, kwa maana hiyo ndiyo kazi ya mtani: yeye peke yake huruhusiwa kumwambia mwenye tai kwamba tai haifuniki kitu. Alimwaga mpaka akatetemeka. Hewa ilikaa kimya.

Hapo ndipo Winfrida, mkuu wa Dhamana, alipoelewa alichokifanya. Aliipeleka mashine kujifunza chuki kwa watu waliokuwa wakipendana. Ilifundishwa vizuri sana. Ila chuki yenyewe, ile inayochana nywele na kuomba nafasi ya kusema machache, haikuwahi kuonyeshwa darasani.

"Mtani, toka basi tumzike mwenzio," akaomba mzee wa kanisa.

Mgongolwa alikunja mikono, akalala chali, akafumba macho. Na hakuna aliyemlaumu. Mtani asiyesikika hajajibiwa, asiyejibiwa hakombolewi, na asiyekombolewa hatoki. Jeneza likabaki juani, kaburi likiwa na mtu asiye wake.

*

Winfrida alikwenda nyuma ya banda la kuku, akampigia simu Mkurugenzi wa Tulia, Ombeni Sanga, Mkinga aliyekuwa na haraka hata akilala.

"Pole sana, dada Winfrida. Mmeshamaliza?"

"Mtani wetu amebanwa na uyoga. Yuko kaburini, hatoki. Mama hali."

"Sasa si uzime? Kidole si chako?"

"Wengine wote niliwakatalia, Mkurugenzi."

"Hao hawakuwa na kidole." Sanga alicheka kidogo, akakumbuka msiba, akaacha. "Zima, mzikeni mzee wetu, washa. Pale penye sababu andika *matengenezo*. Nani atajua?"

"Kata nzima itajua."

"Kata ya Lihuhu! Mama, nina waziri kwenye laini ya pili."

Akakata. Winfrida alibaki na simu mkononi, kuku wakimtazama. Akafungua ramani ya kata. Kila nyumba ilikuwa na nukta. Nukta nyingi zilikuwa nyeupe, maana yake uyoga haukuwa na kazi huko. Chache zilikuwa nyekundu. Hizo ndizo nyumba ambazo kila jioni kulikuwa na mdomo wa kuzibwa, na kwa ajili ya nyumba hizo alipigana vikao vyote vile ili swichi isiwepo. Aliangalia nyekundu moja iliyowaka kuliko zote, akapima kwa jicho, akageuka. Ilikuwa nyumba ya pili, nyuma ya migomba.

Kwa Liberata.

Aliwahi kukaa naye dawati moja, darasa la kwanza mpaka la saba. Mumewe, Alto Nchimbi, alikuwa pale pale msibani wakati huo, miongoni mwa wachimba kaburi, ameegemea koleo, akimhurumia mtani kama watu wengine wote.

*

Liberata alikuwa jikoni pa nje, anasonga ugali wa waombolezaji kwenye sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia.

"Libe, nina neno."

"Kama ni chumvi, nimetia. Mwenye kulalamika hayupo tena." Liberata akajifuta jicho kwa bega. "Sema."

"Naweza kuufungua uyoga, mtani asikike. Ila ukifunguka, unafunguka kata nzima." Winfrida akanyoosha kidevu kuelekea migombani. "Mpaka kwako."

Mwiko ukasimama katikati ya ugali.

"Nani kakwambia mambo ya kwangu?"

"Yapo kwenye ramani. Kazini."

"Kwenye ramani." Liberata alitikisa kichwa. "Kumbe huko Njombe mnaniona. Kila jioni mnaniona. Miaka yote hii, Wini, hata salamu?"

Winfrida alikuwa na sentensi nyingi za kampuni, na kila aliyoigusa ilimchoma vidole.

Liberata aliendelea kusonga, kwa nguvu zaidi, na alizungumza na sufuria. "Ngoja nikwambie, maana ramani haisemi. Zamani Alto alikuwa anaanza na mdomo. Anajitukania, anajipandisha, kama mtu anayepuliza jiko. Moto ukishika, mkono unafuata. Ulipokuja uyoga wenu, akawa anapuliza, jiko haliwaki. Anafunguafungua mdomo pale kama perege, anajiona mjinga, anakwenda kulala. Nami nalala. Usidhani sikushukuru. Nimewaombea kanisani."

"Basi siufungui. Tutamlipa mtani kimya kimya, atoke."

"Na mama yako?"

Wote wawili walitazama barazani.

"Tena kuna hili," Liberata akasema, sauti imeshuka. "Nikimjibu, langu nalo linakufa. Nikilia kwa uchungu, uyoga unaona nina hasira, kilio kinakufa. Watu wananisifu siku hizi. Liberata amekuwa mpole. Padri ananitolea mfano." Akachota ugali kidogo kwa ncha ya mwiko, akaonja, akatema. "Haujaiva."

"Niambie nifanye nini, Libe."

"Aa-aa. Hilo usinitwishe. Mwenye kidole ni wewe. Mlipouleta hamkuniuliza, leo unaniuliza ili likiharibika liwe langu?" Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza. Kisha uso ukalegea. "Yule mama alinishika mgongo nilipojifungua wanangu wote. Hakukosa hata mmoja. Siwezi kumwona anakauka pale. Fungua. Lakini mashine yako ikilala, wewe hulali. Jioni unakuja kwangu. Unakaa kwenye kigoda changu, unakula ugali wangu, kidole chako kwenye simu. Si Njombe. Kwangu."

"Nitakuja."

"Na uyoga hauwashwi mpaka mimi niseme. Si ramani. Mimi."

"Na nyumba nyingine? Zipo nyingine nyekundu."

Liberata alicheka mcheko mfupi. "Unadhani tunangoja ramani kuzijua?" Akawaita wanawake waliokuwa wakiosha sahani, akawanong'oneza, nao wakatazamana bila mshangao wowote. Kabla ugali haujaiva walikuwa wameshagawana: fulani na fulani watalala kwa fulani, fulani atakwenda kuomba moto kwa fulani na asitoke. Kitengo kizima cha Dhamana kisingeweza kupanga vile hata kwa mwaka.

Winfrida akatoa simu. Iliuliza sababu, ikampa za kuchagua: *matengenezo*, *hitilafu*, *amri ya serikali*. Chini kabisa palikuwa na *nyingineyo*, na nafasi ndogo ya kuandika. Aliandika neno moja: *Tulikosea.* Akabonyeza kidole gumba.

*

Cha kwanza kusikika kilitoka ng'ambo ya bonde, kwenye mashine ya kusaga. Mtu mmoja huko, ambaye pengine alikuwa akijaribu tangu mwaka juzi, alifika mwisho wa tusi lake kwa mshindo uliowafanya kunguru waruke. Kisha akanyamaza, ameshtuka. Kisha ikasikika sauti yake ndogo, "Samahani."

Cha pili kilitoka kaburini.

"... na miguu kama mipini ya jembe lililokataliwa na mhunzi! Mlikuja kutoka kusini mkikimbia, mpaka leo hamjasema mlikuwa mnakimbia nini! Hata kaburi mmechimba fupi kama... Hee!" Kichwa cha Mgongolwa kikachomoza. "Nimejisikia! Jamani, mimi nimejisikia!"

"Tumekusikia, mla mbwa!" alijibu bibi mmoja kutoka uani, na sauti yake ilipasuka kwa furaha. "Mbwa wote wa Lihuhu wako uvunguni tangu ushuke kwenye basi!"

"Wamejificha kwa aibu ya kufugwa na Wangoni!"

Ikawa ni mvua. Wazee waliokuja na fimbo walizinyanyua. Wanawake walijibu kwa zamu, kisha bila zamu. Hata mzee wa kanisa alisema jambo fulani kuhusu masikio ya Mgongolwa na upepo wa Iringa ambalo baadaye alilikana. Watu walicheka huku wakilia, wakipigana mabega, wakishikana ili wasianguke. Alto naye alicheka, ameegemea koleo lake.

Mgongolwa alingoja kelele zishuke. Akatoka nusu, akaegemea ukingo wa kaburi kama mtu aliyekaa mezani, akavuta kofia ya marehemu mpaka kwenye nyusi. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi chenyewe, kile cha mlango wa ghala.

"Kunegunda!" alifoka, kwa sauti ya Gaudensi. "We Kunegunda! Huu ugali au udongo? Chumvi iko wapi?"

Barazani, midomo iliyokauka iliachana.

"Inuka ukaichukue!" Mama Kunegunda alisema. Sauti ilitoka na kutu. "Miguu huna?"

"Mmoja ninao, wa pili unajua mwenyewe!"

"Tumia huohuo!"

Akacheka. Alicheka kicheko cha mwanamke aliyekuwa amejibizana hivyo tangu ujana wake na kushinda kila mara. Kikapanda, kikafika juu, na huko juu kikakuta hakuna wa kumjibu tena, kikavunjika. Ndipo alipolia. Alilia kwa kinywa wazi, kwa sauti iliyofika barabarani, na Winfrida alipomkumbatia safari hii alimkuta mama yake mle ndani.

"Uji," bibi mmoja akanong'ona. "Pasheni uji, upesi!"

Mgongolwa hakuwa amemaliza kazi. Akamgeukia Meinrad.

"Na wewe kiguzo uliyefungwa kamba shingoni! Umesema nyumba kubwa? Shuka humu unipimie na hiki chumba, maana naona una jicho la vyumba! Au unaogopa kukuta mlango unafungwa kwa nje?"

Uwanja ulilipuka. Meinrad alitabasamu tabasamu la ugonjwa. Kumkasirikia mtani hairuhusiwi. Atakayekasirika hulipa, na anayelipa amekiri. Akashika tai, akailegeza, akasema, "Shemeji atakaa kwake bwana, mimi nilikuwa natania."

"Nani kakuruhusu kutania? Mtani ni mimi! Toa jogoo!"

Akatoa jogoo. Ndiye aliyemkomboa Mgongolwa kaburini. Yule mzee alipandishwa kwa kushikwa mikono, akapangusa udongo kwenye koti la rafiki yake, akalivua, akalikunja vizuri, akaenda barazani kumwekea Mama Kunegunda mapajani. Huko hakutukana mtu. "Pole, mke wangu," alimwambia, kwa sauti yake mwenyewe, kisha akafunika uso kwa kofia akalia.

Wakamzika Gaudensi Mapunda.

*

Simu ya Sanga ilianza kulia kabla jua halijatua. Winfrida alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Liberata, sahani mapajani.

"Mbona Lihuhu haijawaka? Na hii *Tulikosea* ni kitu gani? Tumekosea nini? Waziri akiiona..."

"Nipo kazini, Mkurugenzi," alisema, akaiweka simu juu ya goti, kidole gumba karibu na kitufe.

Alto aliingia ananuka sabuni na pombe ya komoni. Alikuwa ameoga kuondoa udongo wa kaburi. Alimwona mgeni, akasita, akasalimia vizuri, akaketi. Alionja mboga. Alionja tena. Winfrida aliona bega lake likipanda.

"Hii ni nini?" aliuliza Alto.

"Kunde," Liberata akajibu.

"Nimekuuliza hii ni nini. Mtu anashinda kaburini, anarudi anawekewa..." na likatoka.

Winfrida alikuwa amesikia matusi maelfu katika maisha yake ya kazi, yote kutoka kwenye vinasa, yote ya watani, yote yenye kicheko nyuma yake. Hili halikuwa na kitu nyuma yake. Lilifuata la pili, na la tatu, sauti ikikwaruza kwa kukosa mazoezi. Alto mwenyewe alionekana kushangaa kujisikia. Kisha akalizoea. Jiko likaanza kushika. Alisimama, kigoda kikaanguka, na mkono wake wa kulia ukakunja na kukunjua ngumi.

Kidole gumba cha Winfrida kikagusa kioo. Hakikubonyeza.

Liberata akasimama.

"Ulinivunja mkono huu," alisema, akauinua. Alianza polepole, kama mtu anayejaribu daraja. "Nikawaambia watu nimeanguka kisimani. Kisima kikasingiziwa, Alto! Wakakijengea ukuta, watu wakachanga saruji!" Na hapo daraja likashika, na sauti ikatoka yote, ikajaza nyumba, ikatoka dirishani ikapita migombani. Alimwambia ya ile Pasaka. Alimwambia ya mtoto aliyejifunza kutembea kwa kushika ukuta ulio mbali naye. Alimtukana. Alimtukana vizuri, kwa matusi ya bibi zake, na machozi yalimwagika bila yeye kuyafuta.

Mkono wa Alto ukapanda.

Nje, chini ya dirisha, mtu alikohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, bila haraka, kama inayoomba kuongezewa chai, "Tupo, shemeji. Tumetandika mkeka hapa. Endeleeni tu, tunasikia."

Na sauti ya pili, ya kizee, yenye kutu, ambayo Winfrida aliifahamu, ikaongeza, "Tunasikia, mwanangu Alto. Tunasikia wote."

Mkono ulikaa juu, hauna pa kwenda. Alto alitazama dirisha, akatazama kidole cha Winfrida juu ya simu, akamtazama mkewe, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona akiwa na kinywa kinachosikika. Mkono ukashuka. Akaketi sakafuni, kigoda kikiwa kimeanguka pembeni yake, akaangalia magoti yake.

Winfrida alivuta pumzi. Simu ilikuwa ikilia tena, jina la Sanga likiwaka na kuzimika.

"Libe," alisema kwa sauti ya chini. "Niuwashe?"

Liberata hakugeuka.

"Subiri," alisema. "Sijamaliza."